Dawa ikishaingia mwilini inakwenda wapi?

Baridi imeanza kuuma, zamu za usiku zimenikaba mpaka kibaraza hiki kimeota utando wa buibui. Wale mnaoingia kila wiki mkakuta yale yale ya mwezi uliopita, leo mtasoma mpaka mchoke. Chemsheni chai kabisa.

Wiki iliyopita ukoo mzima uligawanyika kwenye simu. Shangazi yetu wa Muheza kaandikiwa na daktari kipimo cha mifupa Dar es Salaam, kile cha kudungwa sindano yenye mionzi halafu unalala chini ya kamera. Kaahirisha mara mbili. Baba mdogo anasema mionzi ni mabaki ya bomu. Wifi anasema aombewe kwanza. Binamu yangu naye katuma ile video ya WhatsApp ya chembe za nano zinazokaa mwilini milele. Mwisho nikaulizwa mimi, eti ndiye mwenye digrii. Jibu fupi nilishampa shangazi mwenyewe na hilo ni lake. Hapa nawaandikia jibu refu, maana nilipoanza kueleza kipimo nikaona hakielezeki bila kusema kilitoka wapi, na historia yake ni tamu kuliko tulivyofundishwa chuoni. Chuoni tulipewa majina na dozi, basi.

Tuanze na nyama ya mama mwenye nyumba.

Mwaka 1911 kijana mmoja wa Kihungari, George de Hevesy, alikuwa Manchester, Uingereza, kwenye maabara ya Rutherford. Alipanga kwenye nyumba ambayo chakula unapikiwa na mwenye nyumba. Akaanza kushuku kwamba nyama inayobaki Jumapili inarudi mezani katikati ya wiki ikiwa imevaa nguo nyingine. Mama akakataa katakata, kila siku napika upya! Basi Jumapili moja Hevesy akadondoshea mabaki yake kitu kidogo sana chenye mionzi. Siku chache baadaye akaja mezani na elektroskopu, kifaa cha kutambua mionzi, na chakula "kipya" kikajitangaza chenyewe. Hadithi hii aliisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye. Sisi tuliowahi kupanga vyumba vya watu tunaielewa vizuri sana, ha ha!

Hiyo ilikuwa michezo tu. Kazi aliyopewa na Rutherford ilikuwa kutenganisha risasi (hii ya metali, si ya bunduki) na kitu kilichoitwa radiamu D. Alihangaika karibu miaka miwili, ikashindikana. Sababu ilikuja kujulikana baadaye: radiamu D yenyewe ni risasi, ila ni risasi yenye mionzi. Hapo ndipo akili ya Hevesy ilipogeuka. Kama viwili hivi haviachani kamwe, basi chenye mionzi kitanionyesha kisicho na mionzi kiko wapi. Unachanganya tone moja, halafu unafuata mlio wake. Mwaka 1913 alifanya hivyo Vienna pamoja na Friedrich Paneth, kwenye maabara. Mwaka 1923, akiwa Copenhagen, alinywesha mimea ya maharage maji yenye risasi ya mionzi akaangalia inapanda vipi kutoka mizizi hadi majani. Miaka ya 1930 akafika kwenye panya, kwa fosforasi yenye mionzi, na hapo akagundua jambo ambalo Shangazi anapaswa kulijua: mfupa si jiwe. Fosforasi ya kwenye mfupa inatoka na nyingine inaingia, kila siku, maisha yote. Mfupa unabomolewa na kujengwa upya kama nyumba ya udongo inayokandikwa kila msimu.

Kipimo cha mifupa kimesimama hapo hapo. Unadungwa dawa inayopenda mahali mfupa unapojengwa, ikiwa imebeba mionzi kidogo. Penye ujenzi mwingi kupita kawaida, iwe ni ufa, maambukizi au saratani iliyohamia, panang'aa zaidi kwenye picha. Kamera haikupigi mionzi yoyote. Inapokea tu ile inayotoka kwako. Wengi hawajui hili, wanadhani ile kamera ndiyo inayochoma. Hevesy alipewa Nobel ya kemia ya mwaka 1943.

Binadamu wa kwanza kufuatwa namna hii walikuwa Boston, Marekani, mwaka 1925. Daktari Hermann Blumgart alitaka kujua damu inachukua muda gani kuzunguka, akadunga kitu chenye mionzi mkono mmoja na kusubiri kwenye mkono wa pili na kifaa chake. Alianza na mwili wake mwenyewe, na kwa hilo nampa heshima yake.

Sasa baba mdogo na bomu lake. Kusema kweli hajakosea kila kitu. Baada ya Vita vya Pili, vinu vilivyojengwa Marekani kwa ajili ya bomu ndivyo vilivyoanza kuuzia hospitali vitu vya mionzi kwa wingi. Shehena ya kwanza ilitoka Oak Ridge mwezi Agosti 1946 kwenda hospitali ya saratani ya St. Louis. Kwa hiyo undugu upo. Lakini anachodungwa Shangazi ni teknetiamu, na huyu ana ukoo wake.

Teknetiamu iligunduliwa mwaka 1937 huko Palermo, Italia, na Emilio Segrè na Carlo Perrier, ndani ya kipande cha molibdenamu kilichotumwa kutoka kwenye mashine ya saiklotroni ya Berkeley. Ni elementi ya kwanza kutengenezwa na binadamu, na jina lake la Kigiriki linasema hivyo hivyo, ya kutengenezwa. Aina inayotumika hospitali hupoteza nusu ya nguvu zake kila saa 6. Pigeni hesabu: ukidungwa saa nne asubuhi, kesho yake saa nne imebaki sehemu 1 kati ya 16, na hapo hatujahesabu iliyotoka kwa mkojo. Ndiyo maana tunawahimiza wagonjwa wanywe maji mengi na waende chooni mara kwa mara. Milele ya binamu yangu ni fupi sana.

Kitu kinachokwisha haraka hivyo unakisafirishaje? Mwishoni mwa miaka ya 1950, Walter Tucker na Margaret Greene wa maabara ya Brookhaven, New York, walitengeneza dawa ya tatizo hilo. Husafirishi teknetiamu, unasafirisha mama yake, molibdenamu, ambaye nusu yake huchukua saa 66. Mama anakaa ndani ya kopo lenye kuta nene za risasi, anazaa teknetiamu muda wote, na asubuhi mtaalamu anapitisha maji ya chumvi na kuikusanya. Wenyewe wanasema wanakamua ng'ombe. Mimi mtoto wa wafugaji upande wa mama nilicheka sana kusikia Wazungu wanasema hivyo kwenye chumba kinachong'aa kama benki.

Na ng'ombe wetu wa hapa Sydney zizi lake liko karibu. Ukitoka Merrylands ukaelekea kusini, ukavuka mto Georges, unafika Lucas Heights, katikati ya miti ya mikalitusi. Kinu cha kwanza, HIFAR, kiliwashwa Januari 26, 1958, kikazimwa Januari 2007. Kilichokirithi kinaitwa OPAL, cha megawati 20, kilichojengwa na kampuni ya Argentina iitwayo INVAP. Humo urani inapigwa, molibdenamu inachujwa, makopo yanapakiwa na kusafirishwa hospitali za Australia na nje pia. Juni 2018 mtambo wa kusogeza makopo uliharibika, na nchi hii tajiri ikajikuta haina teknetiamu ya kutosha, vipimo vikaahirishwa. Kwa Afrika yetu kuna kinu cha SAFARI-1 kule Pelindaba, Afrika Kusini, kinachofanya kazi tangu 1965. Fikirini kopo likikwama uwanja wa ndege siku 3 kwa sababu ya karatasi moja isiyo na muhuri: limeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu kabla mgonjwa wa kwanza hajavua viatu. Kwa hiyo ukisikia kipimo kimesogezwa mbele, mara nyingine si uzembe wa mtu, ni saa 66.

Kabla sijaingia kwenye chembe za dawa kuna jambo ambalo sitaki kulipita, maana hofu ya watu wetu haikutoka hewani.

Kati ya 1945 na 1947, kwenye kliniki ya wajawazito ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, wanawake zaidi ya 800 walipewa kinywaji. Waliamini ni cha vitamini, cha kuwasaidia wao na watoto. Ndani kulikuwa na chuma chenye mionzi. Mtafiti Paul Hahn na wenzake walitaka kujua mjamzito anafyonza chuma kiasi gani, na kiasi gani kinafika kwa mtoto. Swali zuri kabisa, kila mkunga anatamani jibu lake. Lakini wanawake wale hawakuulizwa. Habari ilikuja kuwa kubwa miaka ya 1990, wakati tume iliyoundwa na Rais Clinton ilipofukua majaribio ya mionzi ya enzi hizo na kutoa ripoti mwaka 1995. Shauri la akina mama wa Nashville likaisha mwaka 1998 kwa makubaliano ya malipo ya zaidi ya dola milioni 10. Mimi nikimletea mgonjwa fomu ya ridhaa, mama wa Kilebanoni au babu wa Kiafghani asiyesoma Kiingereza, nasimama mpaka mkalimani afike. Wenzangu wengine huona nachelewesha. Na wachelewe.

Hahn huyo huyo alikuwa miongoni mwa waliotangulia kudunga wagonjwa chembe ndogo mno za dhahabu yenye mionzi, miaka hiyo ya 1940. Hapo ndipo historia ya chembe inapoanza. Chembe za dhahabu zikiingia kwenye damu hazizunguki ovyo. Zinaishia kwenye ini na bandama. Huko kuna seli zinazoitwa makrofaji, ni wafagiaji wa mwili, wanameza kila kisichojulikana: bakteria, seli zilizokufa, vumbi. Kwao chembe ni chembe, hata iwe ya dhahabu.

Wekeni hilo akilini, litarudi.

Mwaka 1961, huko Babraham karibu na Cambridge, daktari Alec Bangham alikuwa akichungulia mafuta ya aina ya lesithini kwenye hadubini ya elektroni pamoja na mwenzake R. W. Horne. Akaona mafuta yale yakitiwa maji yanajikunja yenyewe kuwa viputo, kila kiputo kina ukuta kama ukuta wa seli na maji ndani. Baadaye viliitwa liposomu. Kiputo kinachofaa kubebea dawa kina upana wa nanomita kama 100 hivi, wakati unywele wa kichwani unafika maelfu kwa makumi. Kufikia 1971 Gregory Gregoriadis na Brenda Ryman, London, walikuwa wameshafikiria jambo la wazi ukishaambiwa: weka dawa ndani ya kiputo, dunga, kiputo kiifikishe. Lakini kiifikishe wapi? Wakatia ndani protini yenye iodini ya mionzi na kuwadunga panya. Mlio ukatoka wapi? Kwenye ini na bandama. Wafagiaji wameshafika.

Ryman na wenzake hawakukata tamaa. Walitia viputo teknetiamu na kuvifuata kwa kamera ndani ya wagonjwa wa saratani wenyewe, na mwaka 1979 wakachapisha. Ini linawaka, bandama inawaka, uvimbe wa saratani kimya. Kwa watu waliokuwa wakitafuta gari la kupeleka dawa kwenye saratani hayo yalikuwa majibu mabaya. Ila napenda kwamba waliyaandika. Bila mionzi wangeweza kuendelea miaka kumi wakidhani gari linafika.

Na sasa sikilizeni, hapa ndipo historia inapokuja kwetu. Mnaijua kala-azar? Wa Tanga pengine hamuijui, lakini waulizeni watu wa Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, au Amudat kule Karamoja, Uganda. Usubi anakuuma, kijidudu kinaingia, homa haiishi, unakonda, tumbo linavimba upande wa kushoto kwa sababu bandama imekuwa kubwa kama tikiti. Usipotibiwa, unakufa. Na kijidudu chenyewe kinaishi wapi? Ndani ya makrofaji! Kwenye ini, bandama na uboho. Kimejificha ndani ya matumbo ya wafagiaji.

Mnaona? Kasoro ile ile iliyowaudhi watu wa saratani ndiyo anwani kamili ya kala-azar. Kati ya 1977 na 1978 makundi kadhaa ya watafiti, mmoja Liverpool na mwingine wa jeshi la Marekani, walitia dawa ya kale ya antimoni ndani ya liposomu na kutibu wanyama wenye ugonjwa huo. Dawa ikawa na nguvu mamia ya mara kuliko ikidungwa peke yake, maana mfagiaji mwenyewe anameza sumu ya mgeni wake.

Kutoka hapo ikaja AmBisome, dawa ya amfoterisini ndani ya liposomu, iliyoanza kuidhinishwa Ulaya mwaka 1990. Waliofanya kazi wodini nyumbani wanaijua amfoterisini ya kawaida: mgonjwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, figo zinalia, potasiamu inashuka, na wewe muuguzi umesimama na blanketi. Ndani ya kiputo, makali hayo yanapungua sana. India, dozi moja tu ya miligramu 10 kwa kilo iliponyesha kala-azar zaidi ya wagonjwa 95 kwa 100, kwenye utafiti wa mwaka 2010. Kwetu mashariki mwa Afrika haikuwa rahisi hivyo. Dozi hiyo hiyo ilipojaribiwa Sudan na Ethiopia haikutosha, na matokeo yakachapishwa 2014. Huku kwetu AmBisome imebaki kwa walio hoi, wajawazito na wenye virusi vya UKIMWI, na wengine wanadungwa antimoni pamoja na paromomisini kila siku kwa siku 17. Halafu AmBisome inatakiwa kukaa chini ya nyuzijoto 25. Mtu akieleze hilo Lodwar mwezi wa pili.

Antimoni nyingine iko hapa Sydney, na kazi yake ni tofauti kabisa. Australia inaongoza duniani kwa melanoma, saratani ya ngozi inayosafiri kwa njia ya limfu mpaka kwenye tezi, ile mitoki ya kwapani, shingoni na kwenye kinena. Daktari wa upasuaji anataka kujua: uvimbe wa hapa unamwaga limfu yake kwenye tezi ipi kwanza? Maana kama saratani imehama, hapo ndipo itakapopiga hodi. Kwa zaidi ya miaka mia walitegemea ramani ya Mfaransa Sappey, aliyedunga zebaki kwenye ngozi za maiti miaka ya 1870. Alisema limfu haivuki mstari wa katikati ya mwili, na kiunoni inagawanyika, ya juu inakwenda kwapani na ya chini kwenye kinena.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Roger Uren, mtaalamu wa tiba ya nyuklia, na daktari wa upasuaji John Thompson wa hapa Sydney walianza kudunga pembeni ya melanoma chembe za antimoni salfaidi zenye teknetiamu, za nanomita kama 10, na kuzifuata kwa kamera dakika kwa dakika. Wagonjwa waliofika hospitali, wanaopumua, si maiti. Ramani ya Sappey ikachanika. Limfu ya mgongoni ilivuka katikati kama haikuona mstari wowote. Nyingine ilikwenda kwapa zote mbili, nyingine ikapanda shingoni, nyingine ikaingia kwenye vitezi vya nyuma ya bega ambavyo hakuna aliyekuwa akivitafuta. Kufikia miaka ya 2000 walikuwa na ramani za wagonjwa zaidi ya 5,000. Maana yake kwa mgonjwa ni kwamba kabla ya hapo huenda angekatwa tezi za kwapa lisilohusika, akabaki na mkono uliovimba maisha yote, na tezi yenye saratani ikaachwa.

Msiseme melanoma ni ya Wazungu tu. Kwetu weusi hupendelea nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley aliondoka mwaka 1981 kwa iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Doa jeusi kwenye unyayo linalokua, usilikwangue na wembe, nenda hospitali. (Mama, hii ni kwako, na unajua kwa nini.)

Wakati huo huo Canberra, mwaka 1984 hivi na kuendelea, Bill Burch alikuwa akitengeneza moshi. Unachoma teknetiamu kwenye kikombe cha grafaiti kwa joto la nyuzi zaidi ya 2,500 ndani ya gesi ya agoni, zinatoka chembe za kaboni ndogo kiasi kwamba mgonjwa anazivuta kama hewa na zinafika mwisho wa mapafu. Unaona hewa inapofika na isipofika, na donge la damu kwenye pafu linajulikana. Wameiita Technegas. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali Septemba 2023, karibu miaka 40 baadaye! Hii nitaiandikia siku yake.

Nirudi kwa watu wa saratani, maana hawakulala. Kama tatizo ni wafagiaji, basi kifiche kiputo wasikitambue. Karibu na 1990 makundi kadhaa yalivika liposomu manyoya ya polima iitwayo PEG, maji yakajikusanya juu yake, na makrofaji wakachelewa kuitambua. Kiputo kikaweza kuzunguka kwenye damu kwa siku kadhaa badala ya saa chache. Doxil, yaani doksorubisini ndani ya kiputo cha namna hiyo, iliyoanzia kazi ya Alberto Gabizon na Yechezkel Barenholz wa Jerusalem, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI. Kaposi! Nani wa rika la wazazi wetu hakuona madoa yale miguuni mwa watu miaka ya 1990. Na miaka hiyo ambayo dawa ilikuwa ikipitishwa kule, kwetu hata za kupunguza virusi zilikuwa za wenye ndugu Ulaya.

Swali likabaki lile lile la mama mwenye nyumba: je, kweli imefika? Mwaka 2001 timu ya Kevin Harrington, London, ilichapisha picha za wagonjwa 17 waliodungwa viputo vya PEG vyenye indiamu ya mionzi. Uvimbe uliwaka kwa wagonjwa 15. Saratani za kichwa na shingo zilimeza nyingi zaidi, za matiti kidogo. Hata hivyo kwa jumla iliyofika kwenye uvimbe ilikuwa kati ya nusu ya asilimia moja na asilimia 3.5 hivi ya dozi nzima. Mwaka 2016 timu ya Toronto ilikusanya tafiti za wanyama za miaka kumi ikakuta wastani wa kati ni asilimia 0.7. Asilimia 0.7! Wengine walikasirika na hesabu hiyo, lakini mwenye mizani ndiye anayejua uzito.

Kilichonigusa zaidi kama muuguzi ni utafiti wa mwaka 2017. Wanawake na wanaume 19... hapana, niseme wagonjwa 19 wa saratani ya matiti iliyosambaa, walidungwa liposomu zenye shaba ya mionzi, wakapigwa picha. Kati ya uvimbe na uvimbe, tofauti ya dawa iliyofika ilizidi mara 30. Dozi hiyo hiyo, dripu hiyo hiyo. Na waliopokea nyingi kwenye uvimbe walikaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujaendelea. Dawa yenyewe, MM-302, ilisimamishwa mwishoni mwa 2016 kwenye jaribio kubwa ambalo wagonjwa hawakuchaguliwa kwa picha. Huwa najiuliza, wangechaguliwa je? Tunaning'iniza mifuko ya dripu tukihesabu matone kwa uangalifu wote, na kumbe mgonjwa wa kitanda cha 4 inamfikia na wa kitanda cha 5 inaishia kwenye ini.

Sasa ile video. Inasema chembe za chanjo ya korona zinajaa kwenye ovari. Chanzo chake ni jedwali la kweli, la utafiti wa panya wa Pfizer, lililosambaa mwaka 2021. Viputo vya mafuta vilitiwa hidrojeni yenye mionzi, panya wakadungwa dozi kubwa kuliko anayopewa mtu mzima, viungo vikapimwa. Nyingi zilibaki pale palipodungwa. Kwenye ini ilifika hadi asilimia 18 hivi, bandama kama asilimia 1, na ovari chini ya asilimia 0.1. Mliosoma mpaka hapa mlishajua jibu kabla sijalitaja: chembe za mafuta, wafagiaji, ini. Mtu alichukua mstari wa chini kabisa wa jedwali akaupigia baragumu, na mstari wa juu akaufunika kwa kidole.

La mwisho ni la Uganda, nalo ni zuri. Homa ya uti wa mgongo ya kuvu, ile inayowaua wenye virusi vya UKIMWI, kwa miaka mingi ilitaka amfoterisini ya kawaida siku nyingi mfululizo, pamoja na mitetemo na figo zake. Watafiti wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe walijaribu dozi moja kubwa ya AmBisome pamoja na vidonge vya wiki mbili, kwa wagonjwa zaidi ya 800. Upande wa Uganda ulikuwa Kampala na Mbarara. Matokeo yalitoka Machi 2022: waliofariki ndani ya wiki 10 walikuwa asilimia 24.8, dhidi ya 28.7 kwa matibabu ya awali, na madhara yalipungua. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Dripu moja, siku moja. Rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye yuko wodini bado, aliniandikia kwamba sasa mapambano ni kupata chupa zenyewe.

Haya, nimeandika tangu mchana, mkate wa Kiafghani niliounua Merrylands Road umeshakuwa mgumu kama kibao cha mbuzi na zamu yangu inaanza saa tatu usiku. Binamu, maswali yako ya video niulize hapa hapa kwenye maoni, usinifuate pembeni. Wa Muheza msalimieni bibi, mwambieni picha za theluji alizoomba sina, Merrylands haina theluji.